Mkono wa Wamucii Ukutani

"Jumamosi simba inakandikwa upya. Kama unataka kupiga picha ya ile ukuta, kuja kabla ya saa nne. Oketch."

Wamucii alisoma ujumbe huo mara tatu akiwa amesimama katikati ya duka la babake pale njia panda ya Mamboleo, mkebe wa rangi mkononi, mteja akimngoja.

"Madam, hiyo rangi unauza ama unaibeba tu?" mteja aliuliza.

"Pole. Ulisema lita ngapi?"

"Nilisema nne. Zamani sana."

Miaka miwili. Miaka miwili bila "uko aje", bila hata zile salamu za Krismasi ambazo mtu huwatumia wote walio kwenye simu bila kuchagua. Halafu mtu anaibuka siku ya Alhamisi na maneno mawili matatu, na mwishoni anaweka jina lake, utadhani Wamucii angeweza kuisahau namba yake. Kwenye simu aliifuta, ndiyo. Kichwani ilikataa kufutika.

Hakuwa amemaliza kumrudishia mteja chenji simu ikalia. Alikuwa Debra, mwenye ukumbi wa maonyesho ya picha kule Milimani, ambaye alikuwa amempa Wamucii nafasi ya kuonyesha kazi zake mwezi ujao.

"Wamucii, nimepanga picha zako zote hapa sakafuni. Kumi na moja. Nataka kukuuliza kitu na usikasirike."

"Uliza."

"Hizi ni za nani?"

"Za nani aje? Si ni zangu."

"Hii ya mistari nyeusi nimeona kama hiyo kwa vitabu. Hii ya madoa ni kama ya kila mtu Nairobi siku hizi. Mkono wako ni msafi, hiyo siwezi kataa. Lakini wewe mwenyewe sikuoni hapa ndani."

Wamucii huchora picha zisizo na mtu, wala mti, wala kiboko. Ni rangi tu na mwendo wa mkono, sanaa ambayo wenyewe huiita dhahania na ambayo babake, Mzee Kangethe, huiita rangi iliyomwagika. Alipoanza, babake alimuuliza kwa upole kama kitu kile kitauzwa kwa lita au kwa mita.

"Niletee moja tu," Debra akaendelea. "Moja ambayo hata wewe ukiiona unashtuka, unasema, ala, hii ni mimi."

"Niko nayo moja."

"Basi ilete."

"Haibebeki," Wamucii alisema, akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Picha ile ilikuwa Dunga, kando ya ziwa, kwenye ukuta wa udongo. Na mwenye ukuta ndiye yule aliyemtumia ujumbe.

Oketch alikuwa fundi wa boti. Alianza kuja dukani kununua misumari na rangi ya bluu, akawa anakuja hata wakati ambapo hakuna boti yoyote Dunga iliyohitaji msumari. Siku moja aliona picha ya Wamucii imeegemezwa nyuma ya magunia ya simiti. Watu wote walioiona kabla yake walikuwa wameuliza swali lile lile: hii ni nini? Oketch alichuchumaa, akaiangalia sana, kisha akauliza lake.

"Ulianzia upande gani?"

Wamucii alimpenda papo hapo. Tusizunguke mbuyu, mapenzi mengine huanza kwa swali zuri. Yeye alizaliwa Kisumu na wazazi waliotoka Murang'a. Kisumu watu walimwita Mkikuyu, na akienda Murang'a kwa shangazi zake wanamwita wa Kisumu. Sasa hapa palikuwa na mtu ambaye hakuuliza yeye ni nini. Alitaka kujua alianzia wapi.

Ikaja ile wiki ambayo mama yake Oketch, Mama Dorca, alikuwa amesafiri kwenda matangani Siaya. Wamucii akaenda Dunga kwa mara ya kwanza kuona nyumbani. Pale karibu na lango palikuwa na simba ya Oketch, yaani ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujenga ndani ya boma la babake kabla hajahamia kwake. Mvua ilikuwa imebandua udongo, fito zimebaki nje kama mbavu. Lakini nyumba ya Mama Dorca ilikuwa imekandikwa, na udongo wake ulikuwa na mapinde ya vidole, moja juu ya lingine, kutoka mlangoni hadi kwenye paa.

"Nani alichora hii?"

"Nani amechora? Mama alikandika tu."

"Oketch, hiyo si kukandika tu. Naweza jaribu kwa yako?"

Oketch aliutazama ukuta wake. Akamtazama yeye.

"Unajua unaomba nini?"

"Naomba matope."

Akacheka, akaenda kuchimba udongo.

Walichanganya udongo mwekundu, ule mweusi wa kando ya ziwa, jivu na mavi ya ng'ombe. Wamucii alivua viatu. Kutoka saa tatu hadi jua la saa kumi alikandika kwa mikono yake miwili, bila brashi, bila kufikiria nani angefanyaje. Mkono ulikwenda, ukarudi, ukapinda pale ulipotaka kupinda. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kumi, akakaa chini, akalia, na hakujua analilia nini. Oketch alikaa kando yake na ndoo tupu.

Mama Dorca alirudi Jumatatu. Alisimama langoni, kifurushi bado kichwani.

"Hii mkono ni ya nani?"

Kwa Mama Dorca hilo halikuwa swali la sanaa. Kwake, msichana hakandiki simba ya kijana hivi hivi. Anayekandika nyumba ni mwenye nyumba, na aliyetia mkono wake ukutani amesema kwa mkono kile ambacho wengine husema kwa mdomo. Msichana alikuwa ameingia. Kilichobaki ni watu wakubwa kufuata nyayo.

Baada ya wiki mbili wanawake watatu walifika Mamboleo na kikapu chenye mbuta mzima. Oketch alikuwa nyuma yao amekibeba. Mzee Kangethe alikuwa nyuma ya duka amevaa fulana tu, anapima misumari.

"Baba, tumekuja kuona kwao msichana wetu," Mama Dorca alisema.

"Msichana wenu gani?"

"Huyu. Ameshakandika nyumba. Sisi hatuwezi kula na kunyamaza kama wazazi wake hatujawaona."

Kangethe alimgeukia binti yake. Alimwita Mama kwa Kikuyu, kama siku zote, kwa sababu binti huyo alibeba jina la mama mzazi wa Kangethe.

"Maitu, umeolewa?"

Wanawake watatu wanamwangalia Wamucii, babake aliyevaa fulana anamwangalia, samaki anatoa maji sakafuni. Aliogopa. Na mwenye hofu hulishika neno lililo karibu.

"Hapana, Baba. Ilikuwa ukuta tu. Nilikuwa nafanya mazoezi."

Oketch aliweka kikapu chini polepole sana.

"Mama," alisema, "twendeni."

Wamucii alipiga simu wiki nzima, haikushikwa. Akaandika ujumbe mrefu, akafuta. Akaandika mfupi, akafuta pia. Kuanzia hapo akawa anajaribu kuurudia ukuta ule kwenye kanvasi. Alijaribu kwa brashi, kwa kisu, kwa vidole, mara kumi na moja, na kila alipokwama aliazima mkono wa mtu mwingine ili amalize. Ndizo hizo picha zilizokuwa zimelala sakafuni kwa Debra.

Ijumaa jioni walipokuwa wakifunga duka, Wamucii alimwambia babake bila kumtazama.

"Baba, kesho sitakuwa hapa asubuhi. Naenda Dunga kupiga picha."

"Ya samaki?"

"Ya ukuta."

Kangethe aliendelea kufuta mizani.

"Ule wa mazoezi?"

Wamucii aliingiza mkebe wa mwisho ndani.

"Unajua nilikula ile mbuta," mzee alisema. "Siku tatu. Samaki ya watu nimekula, na jibu sikuwapa. Hiyo kitu hunikaa hapa." Akajigusa kooni. "Na kitu ingine. Wateja wakiuliza rangi ya bluu ya boti, wewe unasema imeisha. Miaka miwili imeisha. Na nikienda store naona mikebe sita."

"Baba."

"Mimi sisemi kitu. Nahesabu tu mikebe."

Jumamosi saa mbili na nusu boda ilimshusha mbele ya lango. Wamucii alisimama kama Mama Dorca alivyosimama siku ile.

Ukuta ulikuwepo. Juu yake mtu alikuwa amepigilia mabati ya ziada, yakatokeza mbele ili mvua isiuguse. Upande wa upepo palikuwa na mbao za boti kuukuu, zimepangwa kwa ustadi. Mapinde ya mikono yake yalikuwa pale pale, mekundu na meusi. Lakini nyufa zilikuwa zimeingia, na chini mchwa walikuwa wameshapanda hadi usawa wa magoti.

Chini ya ukuta wanawake wawili walikuwa wanakanyaga udongo. Mmoja alikuwa Mama Dorca. Mwingine alikuwa mwanamke wa rika la Wamucii mwenyewe, amefunga leso kiunoni, mikono ya blauzi imekunjwa.

"Oyawore, Mama," Wamucii alisalimu.

"Oyawore ahinya," Mama Dorca aliitikia, sauti kavu. "Umefika. Huyu ni Milka, anafundisha kushona pale Obunga, tunasali na yeye. Ndiye ameitika kukandika. Piga picha yako haraka, matope haingoji mtu."

Wamucii alielewa. Alikuwa ameelewa tangu Alhamisi, ila kuelewa na kuona ni vitu viwili. Wivu ulimpanda, na hakuwa na mahali pa kuuweka, kwa sababu yeye ndiye aliyesema ukuta tu.

Oketch alitoka mlangoni mwa simba. Alikuwa amekonda kidogo, unga wa mbao kwenye nywele. Walitazamana.

"Ulikuja," alisema.

"Uliniita."

"Nilikwambia tu. Ni kazi yako. Fundi hagusi boti ya fundi mwingine bila kumwambia."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo niliweza kuandika."

Wamucii aliinua simu. Ukuta ukaingia ndani ya kioo, ukawa mdogo, ukawa safi, ukafanana na picha nyingine yoyote. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Kidole kilikataa kubonyeza.

"Dada," Milka aliuliza, bado miguu ndani ya udongo, "hii mkono ni yako?"

Mama Dorca aliacha kukanyaga. Oketch akashika fremu ya mlango. Swali lilikuwa limerudi, na safari hii babake hakuwa pale wa kumsingizia hofu.

"Ni yangu," Wamucii alisema.

"Kwa sababu niliambiwa mwenyewe alisema alikuwa anafanya mazoezi."

"Nilisema hivyo. Nilidanganya. Niliogopa watu, nikakana kitu cha kwanza nimewahi kuchora kikawa changu. Nimechora miaka yote hii na sijawahi kuwa mimi tena kama siku ile."

"Hiyo ni ukuta," Mama Dorca alisema. "Na mtoto wangu? Yeye pia ulikana, tena akiwa amebeba samaki."

"Yeye ndiye nilimkana zaidi, Mama. Na nimemkosa kila siku."

Alilisema hivyo tu, bila kupamba, na machozi yakatoka yenyewe.

Milka alitoka kwenye udongo. Alichota maji, akanawa miguu taratibu, kisha mikono.

"Milka, unafanya nini?" Mama Dorca aliuliza.

"Mama Dorca, nilikuja kwa heshima yako. Lakini angalia hii mabati. Mwanaume amejengea ukuta mwavuli, na hapo ndani kwa kitanda chake kunavuja, nimeona jana. Nikandike halafu nilale nikijua chini ya mkono wangu kuna mwingine? Hapana. Hiyo baridi sitaki."

"Milka, pole," Oketch alisema. "Nilifaa kukwambia mapema."

"Ulifaa. Lakini mabati imeniambia." Alifungua leso kiunoni, akajitupia begani. "Niko na wanafunzi saa tano." Alipompita Wamucii alisimama. "Na wewe usiseme tena ni mazoezi. Watu huumia." Akatoka langoni, mgongo umenyooka.

Wakabaki watu watatu na rundo la udongo.

"Wamucii," Oketch alianza, "kuna kitu sijawahi kukwambia. Siku ile uliomba matope, mimi nilijua. Nilijua Mama akirudi ataona hiyo mkono na atasema umeingia. Ningekwambia. Sikukwambia, kwa sababu nilitaka uingie. Halafu nikakukasirikia miaka mbili kwa kitu ambacho mimi ndiye nilikuficha."

Wamucii alipangusa uso.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ulienda kuchimba udongo ukicheka."

"Nilikuwa na furaha. Nilikuwa mjinga pia."

Alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira, akaikuta ni ndogo, kama ya mtu aliyenyimwa kitu ambacho angekipokea kwa mikono miwili laiti angeulizwa.

"Ungeniuliza tu, Oketch."

"Sasa nakuuliza. Nimesikia unaonyesha picha kwa Debra mwezi ujao. Ukitaka hii ukuta, nitaikata kwa msumeno, kipande kwa kipande, upeleke kwake. Yako ni yako. Ukitaka kubaki..." 

"Ukibaki," Mama Dorca alimmalizia, "hiyo picha haitabaki. Nyumba si kitu ya kuangalia. Mchwa imeshaingia, mvua ya Aprili itaangusha yote. Leo lazima ikandikwe juu, na anayekandika ni mmoja. Na safari hii usiseme hukuambiwa."

Ndipo uchungu ulipokuwa. Kwenye ukuta ule palikuwa na kitu pekee ambacho angeweza kukinyooshea kidole na kusema, huyu ni mimi. Akiutaka, ataondoka nao vipandevipande. Akimtaka mwenye ukuta, itabidi aufunike kwa mkono wake mwenyewe, asibaki hata na ushahidi. Aliuangalia kwa muda mrefu, pinde baada ya pinde, mpaka akakumbuka kila mahali kiganja chake kilipogeukia.

Kisha akampa Oketch simu.

"Hujapiga picha," Oketch alisema.

"Shika tu."

Alivua viatu. Akakunja suruali hadi magotini, akaingia ndani ya udongo pale Milka alipotoka.

"Unajua unafanya nini, nyathina?" Mama Dorca aliuliza, akimwita mtoto wake kwa Kijaluo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea.

"Najua, Mama. Nimeingia."

Oketch alitaka kusema mengi, likatoka moja.

"Utaanzia wapi?"

"Hapa." Wamucii alipiga magoti mbele ya mahali mchwa walipoanzia. Alichota udongo kwa mikono miwili, akaubandika juu ya pinde lake la kwanza. Lilipopotea alihisi kitu kikimkatika kifuani. La pili liliuma pia. Kufika la tano alikuwa hatazami tena kilicho chini. Mkono ulikuwa umeanza kwenda peke yake, si kama mwaka ule, ulikuwa mzito zaidi, ukichukua muda kabla ya kugeuka. Miaka miwili alikuwa akiutafuta mkono wake kwenye kanvasi, akidhani aliuacha Dunga ukutani. Kumbe ukutani paliachwa udongo tu. Mkono alitembea nao, ila alikuwa ameufungia kwa sababu kila ulipofunguka ulimkumbusha mtu.

Jirani alichungulia kupitia ua wa minyaa.

"Mama Oketch, nani huyo anakandika?"

Mama Dorca alinyoosha mgongo. Kwao mke huitwa kwa mahali alikotoka, nyar Ugenya, nyar Asembo, binti wa huku, binti wa kule. Aliwaza kidogo.

"Nyar Mamboleo," akajibu.

Wamucii alilisikia akiwa amepiga magoti. Hakuitwa Mkikuyu wala wa Kisumu. Aliitwa binti wa duka la rangi kwenye njia panda, na jina hilo likamkaa vizuri kuliko yote aliyowahi kupewa.

"Na Debra wako?" Oketch aliuliza, akimsogezea ndoo. "Si alikuwa anangoja picha?"

"Atakuja yeye. Mwambie avae viatu vya matope."

Simu ikalia mkononi mwa Oketch. Alitazama kioo, akaguna, akaiweka kwenye sauti kubwa na kumsogezea Wamucii sikioni.

"Maitu," sauti ya Mzee Kangethe ilisikika, na nyuma yake kelele za magari ya Mamboleo. "Umemaliza kupiga picha?"

"Sijapiga, Baba."

"Sasa unafanya nini huko tangu asubuhi?"

"Nakandika."

Mama Dorca aliacha kuchota.

"Mazoezi?" mzee aliuliza.

"Hapana, Baba. Si mazoezi."

Kangethe alikohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha vumbi.

"Basi waambie wale wamama warudi. Safari hii nitakuwa nimevaa shati. Na wasilete kitu, mimi ndiye niko na deni ya samaki."

"Mwambie tutaleta," Mama Dorca alisema kwa sauti ya kusikika hadi Mamboleo. "Kwa watu hatuendi mikono mitupu."

"Amesikia, Mama," Oketch alisema.

Udongo ulikuwa umeanza kukauka kwenye vidole vya Wamucii, na upande wote wa mlango ulikuwa bado. Alichota tena.